Jinsi ya kumsaidia mtu anayebeti na pia analewa: anza na stetimenti yake ya M-Pesa

Kama uko na mtu kwa nyumba, awe bwana, kaka ama kijana wako, anabeti na pia anakunywa ama anatafuna muguka, yale majani ya kukaa macho, na mmekaa kikao mkaamua "wacha kwanza aache pombe, hiyo ya kubeti tutaona baadaye", nakuomba usome hii kabla mchange pesa. Sisi tulifanya hivyo na tukapoteza mwaka mzima. Mdogo wangu alikuwa anafanya mjengo na anaishi Pipeline hapa Nairobi, pombe ikamshika vibaya, familia tukachanga, mathe akauza ng'ombe kule ushago, tukampeleka kituo kimoja cha kurekebisha walevi miezi 3. Huko walimnyang'anya simu siku ya kwanza, kwa hivyo hakubeti, na juu hakubeti hakuna mtu aliwahi kumuuliza kuhusu kubeti, hata sisi hatukusema. Alitoka amenona, macho meupe, tukapika chapo majirani wakakuja. Usiku huo huo akarudishiwa simu, na kabla ya saa sita alikuwa amemaliza kwa Aviator, ule mchezo wa kubeti wa ndege kwa simu, ile elfu 3 tulimpatia ya kuanzia maisha. Kesho yake jioni nilimpata kwa baa ya keg.

Hapo ndio nilianza kuuliza watu wanaojua, nikasoma, nikakaa na kaunsela, na hii naandika ni ile ningetaka mtu aniambie kabla mathe auze ng'ombe.

MBONA HIVI VITU VINASHIKANA

Zamani hata madaktari walikuwa wanaona kamari kama tabia ya mtu kushindwa kujizuia, kundi moja na yule anaiba vitu dukani na hata hana shida navyo. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani walitoa toleo jipya la kitabu chao cha kupimia magonjwa, linaitwa DSM-5, na wakahamisha uraibu wa kamari wakauweka sura moja na pombe, bangi na heroini. Shirika la Afya Duniani nao, kwa orodha yao ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, wameuweka hapo hapo. Si heshima tu ya vitabu, ni juu ukiangalia ndani ya kichwa, kazi ni ile ile.

Kuna kemikali kwa ubongo inaitwa dopamini. Watu wengi hufikiri inapanda ukishinda, lakini inapanda sana ukiwa unangoja, hapo katikati hujui kama ni ndio ama ni la. Sasa fikiria mkeka, yaani beti moja ya timu 8, saba zimeingia, moja imekuchoma dakika ya 90. Pesa imeenda, lakini ubongo unasoma "karibu" kama ushindi, unataka tena sai. Pombe nayo inalegeza ile sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndio hukuambia tosha, rudi nyumbani. Kwa hivyo mtu amekunywa ako na hamu ya mtu mzima na breki ya mtoto. Muguka ni tofauti kidogo, iko na kathinoni ambayo ni jamaa wa karibu wa amfetamini, inamfanya mtu akae macho, asisikie njaa, ajiamini, aone hesabu zake zote ni sawa, na usiku unakuwa mrefu sana na mchezo wa ndege haulali. Halafu ikifika asubuhi handas, ile stimu ya muguka, imekataa kutoka, anatafuta pombe ya kuikata ndio alale. Umeona venye imezunguka?

Kuna utafiti mkubwa wa Marekani, waliuliza watu zaidi ya 43,000, ulichapishwa 2005. Kwa wale walikuwa na uraibu wa kamari, karibu 73 kwa kila 100 walikuwa wamewahi kuwa na shida ya pombe maishani, 38 shida ya madawa, na 60 walikuwa wamenaswa na sigara. Hizo ni za Marekani, si za Kayole, lakini simama nje ya base yoyote ya vijana Jumamosi jioni uangalie mwenyewe.

Na kitu ilimtoa mathe machozi, nilipomwambia kuna dawa za ugonjwa wa Parkinson, kama pramipexole, zinazofanya kazi kama dopamini mwilini, na kuna wazee hawajawahi kubeti maisha yao yote wakaanza kucheza kamari vibaya baada ya kupewa, na wengi wakiacha dawa hamu inaisha. Alikuwa anaamini alimlea vibaya. Kama mzazi wako anajilaumu, mwambie hiyo.

CHUKUA STETIMENTI NA BIRO MBILI

Hii ndio kazi kubwa na ndio watu wanaruka. Usianze na mahubiri, anza na stetimenti ya M-Pesa ya miezi 3. Anaweza kuiomba kwa *334# ama kwa programu ya M-Pesa. Lazima akubali mwenyewe, usiibe simu usiku, juu ukiiba utapata karatasi na umpoteze mtu.

Kaeni chini na biro nyekundu na ya bluu. Nyekundu piga mstari kila pesa iliyoenda kwa kampuni za kubeti, na pia ile imerudi. Bluu, kila pesa ya pombe, muguka, sigara, bangi. Pombe nyingi hulipwa kwa keshi kwa hivyo haitaonekana, angalia basi pesa ametoa kwa ejenti jioni, na angalia zile mia mia na hamsini hamsini zinaenda kwa nambari moja kila siku, huyo mara nyingi ni mtu wa muguka. Kisha zungushia kila mkopo, Fuliza, M-Shwari, zile programu za mikopo, na pesa zimetoka kwa marafiki. Ulizeni pia kama kuna laini ingine. Mdogo wangu alikuwa na ya Airtel hatukuijua.

Sasa usiangalie jumla kwanza. Jumla itakuumiza na haitakufundisha kitu. Angalia SAA. Unatafuta ni gani inaita ingine.

Ya mdogo wangu ilikuwa hivi, na ilijirudia karibu kila wiki mpaka nikashangaa: fomani analipa Jumamosi saa saba. Saa saba na nusu beti ya kwanza, mia moja tu, akiwa hajaonja kitu. Mechi za Uingereza zinaanza alasiri, na sheria ya pombe ya 2010 inaruhusu baa kufungua wikendi saa nane mchana, kwa hivyo mechi na keg zinafunguka pamoja. Kufikia saa kumi na mbili mkeka umechanika, anatoa pesa kwa ejenti, bluu inaanza. Saa tatu usiku nyekundu inarudi lakini sasa si mia, ni 500, 500, 700, dakika mbili mbili, ni ile ndege. Saa tano Fuliza. Jumapili kimya. Jumatatu anakopa nauli. Yeye mwenyewe alikaa akaangalia hiyo karatasi akasema, "Siz, kumbe silewi ndio nibeti, nabeti ndio nilewe, alafu nikilewa nabeti ya kujiua." Miaka mitatu ya kugombana naye haikuwa imetoa hilo neno.

Yako inaweza kuwa tofauti. Kuna mtu bluu inatangulia nyekundu kila mara, haguzi beti akiwa mkavu, huyo ukishika pombe umeshika nusu ya kazi. Kuna yule wa usiku, muguka saa mbili, beti za saa nane usiku mpaka asubuhi, mara nyingi ni walinzi, madereva, vijana wa boda. Kuna yule hulewa akishinda tu, anasherehekea, na familia inafikiri ni sawa juu ameshinda. Andikeni kwa maneno yake hiyo njia inaanzia wapi, mkate pale inaanzia.

MASWALI YA KUULIZA, NA NI NANI ANAULIZA

Madaktari wako na maswali mafupi, hata wewe unaweza kuyauliza. Ya kubeti ni mawili: umewahi kusikia lazima uongeze pesa unayobeti, zaidi na zaidi? Na umewahi kudanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unabeti? Ya pombe ni manne: umewahi kuona unafaa kupunguza, watu wamewahi kukuudhi wakikusema juu ya kunywa, umewahi kujisikia na hatia, na umewahi kunywa asubuhi ndio utulie? Kwa kubeti hata ndio moja inatosha kumwona mtaalamu, kwa pombe ndio mbili.

Usiulize akiwa amelewa, usiulize siku amechomwa, usiulize mbele ya watoto. Na asiulize mtu anamdai. Kwetu bibi yake, yaani mkewe, angeuliza ingekuwa vita, mimi nilikuwa namdai elfu 12, kwa hivyo tuliita mjomba wetu ambaye hana hasira na yeye, akampeleka chai Jumanne asubuhi, wakaongea kama wanaume. Mjomba hakumwambia acha. Alimwambia, "Mjomba, nieleze Jumamosi yako inaendaje." Hiyo tu.

KABLA HAMJAKATA CHOCHOTE

Hapa nisikilize sana. Kuacha kubeti ghafla hakuui mtu, atakosa usingizi, atakuwa na hasira, atatembea tembea. Kuacha muguka atalala sana, atakuwa na huzuni na ndoto mbaya, inapita. Lakini POMBE, kama anakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka mpaka apate ya kutoa loki, usimfungie kwa nyumba eti aache. Kifafa kinaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne mtu anaweza kuanza kuona vitu hazipo, kutokwa jasho, moyo kukimbia, na hiyo huua. Mpeleke hospitali, kuna dawa za kumshusha polepole. Kuna kijana kwa ploti yetu ya zamani walimfungia na upendo kabisa, wakimwombea, na hakufika siku ya tatu.

Kwa hivyo mpango ni huu: pombe inaanza na daktari, na hiyo siku moja hiyo hiyo njia za kubeti zinafungwa. Si mwezi ujao.

KUFUNGA NJIA YA PESA

Watu hukimbilia kubadilisha simu, wanampa mulika mwizi. Haisaidii sana, juu kubeti kwa meseji kunawezekana hata kwa simu ya tochi. Kinachobeti ni pesa ndani ya M-Pesa na pini. Fuata pesa.

Mdogo wangu alikubali fomani amtumie bibi yake malipo ya Jumamosi badala yake, kwa miezi 6, na yeye anapewa ya kila siku, nauli na chakula, asubuhi. Kodi inaenda moja kwa moja kwa landilodi. Alikubali mwenyewe tukaandika karatasi, mjomba akashuhudia. Ukimlazimisha atatafuta mjengo mwingine na wewe hutajua. Kama hana mtu wa kumwamini, M-Shwari iko na akaunti ya kufungia pesa kwa muda anaochagua, kuivunja inachukua kama siku mbili, na kwa mtu wa hamu siku mbili ni nyingi sana, hamu kali mara nyingi haikai hata saa moja.

Fuliza akimaliza kulipa ajitoe kwa menyu yake. Mikopo yote ya simu orodhesheni, na msimpatie pesa mkononi ya kulipa deni, lipeni wenyewe kwa jina lake, na msilipe yote mara moja. Kulipiwa kila kitu siku moja kunampa mtu mwanzo safi wa kukopa upya, tuliona hiyo pia.

Kila akaunti ya kubeti aingie mwenyewe ajifungie, nyingi ziko na sehemu ya kujizuia, achague muda mrefu kabisa, na wewe ukae hapo mpaka ile meseji ya kuthibitisha ije. Kuna programu ya bure inaitwa BetBlocker, inazuia tovuti za kamari kwa simu na kompyuta. Meseji za kujipendekeza za Safaricom zizimwe kwa *456*9#, na zile za kampuni za kubeti azuie nambari moja moja. Ziko na nguvu kuliko unavyofikiri. Mtu ametulia wiki tatu alafu saa kumi na mbili jioni simu inalia "umepata beti ya bure".

WAPI KWENDA

Nambari ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na madawa, ni 1192, bure, wanaongea na mtumiaji na hata familia. Mathari pale barabara ya Thika ni hospitali ya serikali ya afya ya akili na inatibu uraibu, na ina kliniki ya methadoni kwa wale wa heroini. Vikao vya Alcoholics Anonymous viko Nairobi na havina malipo, na Gamblers Anonymous, ambayo ilianza Los Angeles mwaka 1957, iko na vikao vya intaneti, mtu anaweza kuingia akiwa kitandani.

Kabla ulipe kituo chochote uliza haya, na kama wanababaika toka. Mko na leseni ya NACADA, nionyesheni. Daktari anakuja siku gani. Mtu anayebeti na kulewa mnamtibu vipi, hiyo ya kubeti mnaifanyia nini hasa, na usikubali jibu la "akiacha pombe itaisha". Na swali ambalo hatukuuliza: siku anarudishiwa simu mnamfanyia nini? Kituo kizuri kitamrudishia simu akiwa bado ndani, na kaunsela kando, afunge akaunti, afute nambari, ashike pesa kidogo aone mwili wake unafanya nini. Muulize daktari pia kuhusu naltrexone, ni dawa ya kupunguza hamu ya pombe na tafiti zimeonyesha inasaidia baadhi ya watu wa kamari pia. Si ya kujinunulia kwa kemisti, na mtu yuko kwa methadoni ama heroini asiiguse.

KUHUSU KUJIUA

Sitazunguka. Deni, aibu na pombe zikikutana usiku mmoja ni hatari. Muulize wazi, "unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi wazo, kunamfungulia mlango. Akisema ndio usimwache peke yake, ondoa dawa ya panya na dawa za shamba kwa nyumba, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu ama mpeleke hospitali hiyo saa. Familia zingine huficha kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kile kifungu cha 226 kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa kinakiuka katiba, kwa hivyo usiache hofu ya kufungwa ikuzuie kumpeleka.

MIEZI YA KWANZA

Angalia anahamia wapi. Akiacha zote mbili sigara zinaongezeka, ama ghafla anacheza pool ya pesa, ama karata, ama anatafuna jaba, yaani miraa ama muguka, "kidogo tu ya kufanya kazi". Msishangilie pombe imeisha kama muguka imepanda. Kila wiki mbili rudieni stetimenti na zile biro mbili, dakika 20, bila kelele. Na mpangieni kitu kwa ile saa yake. Ya mdogo wangu ni Jumamosi kuanzia saa saba, kwa hivyo hiyo saa anakuja kwangu Donholm, tunafua, tunapika, anasaidia watoto wangu na hesabu, mpira anaangalia hapa kwangu kwa sebule na chai. Mechi hatujamkataza. Kukataza kila kitu kulifanya ajifiche hapo awali.

Atateleza. Yetu sai ni mwezi wa 14 na ameteleza mara mbili. Mara ya kwanza tulijua baada ya siku nne, kupitia kwa bibi yake, akiwa ameshakunywa mshahara wa wiki. Mara ya pili simu yangu ililia saa nne usiku, ni yeye, akaniambia, "Siz, nimebeti mia mbili, imeenda. Bado sijakunywa." Nikamwambia akae hapo hapo alipo, nikavaa sweta, nikachukua boda hadi Pipeline.